Potasiamu: Ufunguo wa vitundu vya jani la mahindi

Mvua inapokatika kwa wiki moja au mbili katikati ya msimu, mahindi ya Chala, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, huanza kukunja majani ifikapo adhuhuri. Wengi hulilaumu jua. Hata hivyo, uwezo wa mmea kustahimili siku hizo hutegemea pia vitundu vya majani, vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Kupitia vitundu hivyo jani huvuta kaboni dioksidi ya kutengenezea chakula, na humo humo ndimo linamopotezea sehemu kubwa ya maji yake. Likivifunga mno linashinda na njaa. Likiviacha wazi linakauka.

Kila kitundu hulindwa na seli mbili. Mwanga wa asubuhi, hasa wa rangi ya buluu, huamsha pampu za seli hizo zinazotoa nje chembe za hidrojeni zenye chaji chanya. Ndani hubaki chaji hasi, nayo huvuta potasiamu kupitia mifereji ya protini iliyomo katika utando wa seli. Maji huifuata potasiamu, seli huvimba na kuachana, kitundu kikafunguka. Ukame ukiingia, homoni iitwayo asidi ya absisiki husababisha mifereji mingine kufunguka, potasiamu ikatoka pamoja na maji, seli zikalegea.

Kuwapo kwa mifereji hiyo kulidhihirika mwaka 1984, watafiti Julian Schroeder, Rainer Hedrich na Julio Fernandez walipopima umeme katika seli za mmea wa jamii ya kunde.

Potasiamu yote hiyo hutoka ardhini, na sehemu kubwa hubaki katika mabua baada ya mavuno. Mabua yakichomwa, majivu huchukuliwa upesi na upepo na maji. Intumba, yale matuta ya Wafipa yanayofukia nyasi zioze, huirudisha shambani. Utaratibu huo ni wa kale kuliko maabara yoyote iliyouchunguza mfereji. Urea na DAP, kwa upande wake, hazina potasiamu hata kidogo.

Dalili za upungufu huonekana kwanza kwenye majani ya chini: kingo hugeuka njano, kisha hukauka kama zilizoungua. Njano inayopita katikati ya jani kuanzia nchani ni ya upungufu wa naitrojeni, na hiyo ndiyo urea huitibu.