Fahamu: Jinsi majani ya mwarobaini yanavyosaidia kuondoa rangi kwenye majitaka

Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras nchini India iliamuru kufungwa kwa viwanda vya kutia nguo rangi mjini Tiruppur, baada ya majitaka yake kuuharibu mto Noyyal. Rangi nyingi za nguo haziozi kwa urahisi, na huzuia mwanga kuifikia mimea ya majini. Njia moja ya kuziondoa ni kutumia vichocheo vya nano.

Vichocheo vya nano ni nini?
Ni chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Mfano ni oksidi ya zinki iliyounganishwa na fedha.

Mmea unaingia wapi?
Majani ya mwarobaini huchemshwa, maji yake yakachujwa na kuchanganywa na chumvi za madini hayo. Polifenoli, yaani kemikali asilia za majani hayo, hugeuza ayoni za fedha kuwa chembe na kuzizuia zisishikamane. Hivyo matumizi ya kemikali kali hupungua.

Rangi huvunjwaje?
Mwanga ukiipiga oksidi ya zinki, elektroni huruka na kuacha pengo. Vyote viwili, vikikutana na oksijeni na maji, huzalisha chembe kali za kikemikali, ziitwazo radikali, zinazokatakata molekuli za rangi. Fedha huzishika elektroni zisirudi upesi kwenye mapengo.

Vikwazo ni vipi?
Oksidi ya zinki peke yake hutegemea mionzi ya urujuanimno, sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Chembe nazo lazima zikusanywe zisiwe uchafu mpya. Tena, maji yaliyopoteza rangi yanaweza kubaki na vipande vya sumu. Ni lazima yapimwe kabla ya kurudishwa mtoni.