Kuku Anayekaa Chini



Karafuu zikisha kuanikwa, wengi wetu hutegemea kuku wa nyama. Malalamiko ni yale yale: kuku ananona, kisha wiki ya nne miguu humlegea, akakaa chini asifikie maji. Twakimbilia chokaa. Si kosa, lakini mara nyingi maradhi huanzia utumboni. Kuhara damu huchubua utumbo. Chakula hakimfai kuku, na vijidudu hupenya damuni hata vikakaa katika kichwa cha mfupa wa paja.

Tena, kiasi cha theluthi mbili ya fosforasi ya mahindi na pumba imefungwa, na kuku hawezi kuifungua vya kutosha. Kimeng'enya kiitwacho faitesi, kikichanganywa katika chakula, huifungua. Mfugaji wa Kagunga, kule Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, anao dagaa mlangoni, na miiba yao ina madini ya chokaa na fosforasi isiyofungwa. Ila dagaa walioanikwa ufukweni huchukua mchanga. Wakung'utwe kabla ya kusagwa. Sisi nasi tunao wa bahari.

Lakini kimeng'enya hakitibu kuhara. Maranda ya bandani yakilowa, yazoleni siku hiyo hiyo.

Katibu