Mtoi Ameongezewa Damu, Sasa Anahema Kama Ametoka Mbio: Nini Inaendelea?

Hebu shika chupa ya soda, ile ya glasi ya mililita 300. Sasa sikia hii: mtoi aliyezaliwa na kilo tatu, damu yake yote haiwezi kujaza hiyo chupa. Ako na mililita 250 hivi. Wewe mtu mzima uko na karibu lita tano.

Hapo ndio stori inaanzia. Watoi wachanga huongezewa damu kwa sababu kibao: amezaliwa kabla ya wakati, damu yake na ya mathe hazikupatana, ama amepoteza damu akizaliwa. Hiyo damu huokoa maisha, hatubishani. Lakini mililita 50 zikizidi kwa huyo mtoi, ni kama wewe uongezewe lita nzima juu ya damu uliyonayo. Moyo unalemewa, maji yanajaa kwa mapafu, na mtoi anaanza kutafuta hewa. Madaktari huita hiyo TACO.

Kuna nyingine inaitwa TRALI. Hii si mambo ya wingi. Mara nyingi ni kinga za mwili za mwenye alitoa damu, zinakuja kuchokoza mwili wa mtoi mpaka mapafu yanavimba na kuvuja maji. Hutokea ndani ya saa sita. Si ya kila siku, lakini ikifika ni noma.

Ndio maana nesi hawezi fungulia tu dripu aishie. Kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, inaingia polepole kwa saa tatu hadi nne. Kabla ianze anapima joto, mapigo ya moyo na pumzi, na baada ya dakika 15 anarudi kucheki tena.

Sasa wewe mzazi umekaa hapo kando. Nesi mmoja anaweza kuwa na watoi wengi, kwa hivyo macho yako ni ya maana. Cheki hizi:

- Anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika. Washa saa ya simu uhesabu dakika nzima, juu pumzi ya mtoi haina mpangilio.
- Pua zinapanuka kila akivuta hewa.
- Kifua kinabonyea chini ya mbavu.
- Anaguna kila akitoa pumzi.
- Midomo ama ulimi unageuka bluu.

Ukiona hata moja, usiguse dripu. Ita nesi hapo hapo. Atasimamisha damu, ampe oksijeni, na daktari anaweza kumwandikia dawa ya kukojoa hayo maji yaliyozidi. Usiogope kuitwa mjuaji.

Na tusielewane vibaya: hii si sababu ya kukataa damu. Mtoi mwenye damu imeisha pia hushindwa kupumua, na tunaweza kumpoteza. We uliza tu maswali matatu kabla ianze: anawekewa kiasi gani, kwa saa ngapi, na nani atakuwa anamcheki?