Maneno ya Vita katika Kiingereza

Asomaye habari za vita katika gazeti la Kiingereza na kuwafasiria wenzake yampasa awe mwangalifu, maana neno moja likikosewa laweza kuwaliza watu bure. Twataka kueleza machache ambayo tumeyasikia yakifasiriwa vibaya.

La kwanza ni "casualties". Wengi hudhani maana yake ni maiti. Sivyo. Katika jeshi neno hili lawakusanya wote waliopungua katika kikosi: waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa, na wasioonekana. Basi ikiandikwa kwamba kikosi kimepata "casualties" mia, huenda waliokufa ni ishirini tu, na wengi wa waliosalia wamo hospitali. Mfasiri asemaye, "Watu mia wamekufa," amewazika walio hai.

La pili ni zito zaidi, nalo ni "missing". Maana yake ni kwamba mtu hakuonekana baada ya mapigano, wala haijulikani kama yu hai, ametekwa, au amekufa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji, ikazama kwa dakika chache. Walikuwamo watu 1,511, na miongoni mwao askari wengi wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliokufa ni 1,297. Katika msiba wa namna hiyo bahari hairudishi maiti zikahesabiwa. Wanaojulikana kwanza ni waliookolewa, na hao wengine yawezekana kuitwa "missing" mpaka habari zao zithibitike. Jamaa aletewaye neno hilo asianze matanga wala asigawe mali. Walakini mfasiri naye asimpe tumaini lisilo na msingi kwa kumwambia kwamba mwanawe amepotea njia, kana kwamba atarudi jioni. Tuonavyo sisi, ni afadhali kusema wazi: "Hajaonekana, wala hajulikani alipo." Lakini "killed in action" halina shaka: ameuawa vitani.

"Prisoner of war" ni mateka wa vita. Kumwita mfungwa tu ni kuwatia jamaa zake aibu, maana hakuhukumiwa kwa kosa lo lote. Mkataba wa Geneva wa 1949 wampa haki ya kuwaandikia jamaa zake kadi kabla juma moja halijapita tangu kufika kambini.

Mwisho, "armistice" si "surrender". La kwanza ni mapatano ya kusimamisha mapigano. La pili ni kuweka silaha chini na kujitoa kwa adui. Mapatano ya Ulaya yalianza tarehe 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Na amani yenyewe na Ujerumani haikutiwa sahihi mpaka 28 Juni 1919, huko Versailles.