Kanda za kesi za Rwanda ziko Lakilaki

Wengi wetu tunapita AICC mjini Arusha bila kukumbuka kwamba humo ndimo zilimosikilizwa kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama hiyo ya Umoja wa Mataifa iliundwa 1994, ikashtaki watu 93, ikafungwa mwishoni mwa 2015. Kesi zilirekodiwa kwa sauti na picha. Kanda na majalada sasa yako Lakilaki, wilayani Arumeru, chini ya chombo kilichorithi kazi zake.

Je, mwananchi anaweza kuzisikiliza? Za vikao vya wazi, ndiyo: hati nyingi zimo kwenye intaneti, na rekodi huombwa. Za faragha, hapana. Mashahidi wengi waliitwa kwa herufi tu na kukaa nyuma ya pazia, kwani kutajwa kungewahatarisha wao na jamaa zao. Hivyo sehemu zinazowafichua huondolewa kwanza. Kazi hiyo huchelewesha, lakini tunaona ni halali.

Kinachotusumbua zaidi ni lugha. Mahakama ilitumia Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Jirani wa Arumeru asiyezijua lugha hizo atafunguliwa mlango, asisikie kitu.

Mseminari aanze na jalada la Athanase Seromba, padre wa Nyange. Alihukumiwa miaka 15 mwaka 2006. Majaji wa rufani wakampa kifungo cha maisha 2008. Watu walikimbilia kanisani kwake, nalo likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Hukumu zote mbili ni za wazi.