"Kanisa limesema." Kanisa gani? UZI

1/ Mjadala wa maadili ukichacha hapa, lazima mtu aandike "kanisa limesema" akidhani amemaliza. Mara nyingi anayenukuliwa ni askofu Mkatoliki, na anayenukuu ni Mprotestanti. Hii imetoka wapi? Twende pole pole.

2/ Kwanza hesabu. Sensa ya 2019: Waprotestanti asilimia 33.4, Wakatoliki 20.6, makanisa ya kiinjilisti 20.4. Wakatoliki hawawazidi wengine kwa idadi, lakini baraza lao la maaskofu likitoa taarifa, ni hiyo moja nchi nzima.

3/ Upande wa pili kuna NCCK (Wakatoliki si wanachama), kuna Wapentekoste, na kuna lile kanisa la mtaani kwenu ambalo mwanzilishi ndiye askofu. Hakuna anayeweza kusemea wote. Ndio maana Mprotestanti huazima sauti ya Mkatoliki.

4/ Lakini kuazima si kukubali. Mprotestanti hamtambui Papa kama mkuu wake. Anampima askofu kwa Biblia: akiona wanapatana, anamshangilia. Akiona ameenda kando, hana deni naye.

5/ Mtihani ulikuja Desemba 2023. Vatican ilitoa tamko la Fiducia Supplicans, likiruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, ila si kama ndoa. Kwa Mprotestanti aliyekuwa akiwasifu maaskofu, swali likawa: sasa watafuata Roma?

6/ Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika wakajibu kwamba, kwa jumla, baraka hizo hazifai barani. Hapo hapo wakasisitiza bado wako pamoja na Papa. Walipinga wakiwa ndani ya nyumba.

7/ Na Waprotestanti wasicheke. Februari 2023 sinodi ya Kanisa la Uingereza iliunga mkono maombi ya baraka kwa wapenzi hao. Uongozi wa Waanglikana Kenya ukakataa, na baadhi ya maaskofu wakuu wa Kianglikana duniani wakasema hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiongozi wao.

8/ Kwa hivyo kwa suala hili, mpaka hauko tena kati ya Mkatoliki na Mprotestanti. Unapita katikati ya kila kanisa.

9/ Je, wakiungana wanashinda? 2010 maaskofu Wakatoliki na NCCK walipinga katiba mpya pamoja, kwa sababu ya kipengele cha uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Agosti 4 ikapita kwa takriban theluthi mbili ya kura. Wengi walisikia mahubiri Jumapili, na Jumatano wakapiga "Ndio".

10/ Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliikosoa serikali vikali, na Jimbo Kuu la Nairobi likakataa pesa za wanasiasa. Uongozi wa Kianglikana ukawaunga mkono. Lakini kuna wanasiasa ambao askofu akitetea ndoa ni "sauti ya Mungu", akigusa ushuru anaambiwa arudi madhabahuni.

11/ Siku nyingine ukisoma "kanisa limesema", uliza: nani amesema? Kwa niaba ya nani? Na huyu anayemnukuu, humsikiliza hata akikosolewa yeye? Hilo la mwisho tujiulize hata sisi.

Unapinga? Leta hoja, matusi wacha.