Oman: Madirisha ya plastiki yanapogeuka manjano

Katika miji ya Ibra, Sur na Nizwa nchini Oman, dirisha la mbao la zamani limepisha fremu za aluminiamu na za plastiki ngumu, ile iitwayo PVC. Fremu ya plastiki ikiwa mpya huwa nyeupe pe. Baada ya miaka kadhaa ya jua kali huanza kugeuka manjano au kahawia, na mwenye nyumba hukabiliwa na swali la fedha: asafishe, apake rangi au ang'oe zote anunue mpya?

Swali hilo linawagusa pia Waomani wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao asili ya koo zao ni Sharqiyah na Dakhiliyah. Wapo wanaofanya kazi Maskati na kurudi kwao mwishoni mwa juma, na wapo walioko ng'ambo ambao nyumba zao hufungwa kwa miezi. Anayeachiwa ufunguo ndiye hupiga simu kusema kwamba madirisha yameharibika. Mara nyingi hayajaharibika, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kutuma pesa.

Uchafu wa miji mitatu

Sharqiyah, ambayo tangu 2011 imegawanywa kuwa mikoa miwili, ina sura mbili. Ibra, makao ya mkoa wa Kaskazini, iko bara karibu na jangwa la mchanga. Huko tatizo ni vumbi laini linaloingia kwenye reli za dirisha na kuziba matundu madogo ya kutolea maji chini ya fremu. Sur, makao ya mkoa wa Kusini, ni bandari ya kale ya majahazi. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo hushambulia bawaba, vitasa na skurubu, na kutu yake huchuruzika kwenye plastiki na kuacha michirizi ya kahawia. Nizwa, katika Dakhiliyah, iko chini ya milima ya Hajar, ambako joto na vumbi husaidiana.

Uchafu huo wote uko juu ya fremu, na huondoka. Jua ni habari nyingine.

Jua linavyofanya kazi

Mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, huvunja muundo wa PVC. Klorini iliyomo hutoka ikiwa asidi, na kinachobaki hubadilisha jinsi plastiki inavyopokea mwanga, ndipo rangi ya manjano ikaonekana. Watengenezaji huchanganya dioksidi ya titani, unga mweupe unaozuia mionzi hiyo isipenye ndani. Fremu ya bei rahisi yenye unga kidogo huchakaa mapema. Hata hivyo, madhara hayo kwa kawaida huishia kwenye ganda jembamba la juu, na dirisha lenyewe huendelea kufunguka na kufungika kama kawaida.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Osha sehemu ndogo kwa maji na sabuni, kisha fungua dirisha na uilinganishe na ukingo wa ndani ambao jua haliufikii. Zikifanana, ulikuwa uchafu tu. Iwapo ya nje imebaki manjano na ya ndani ni nyeupe, hilo ni jua. Kidole kikitoka na unga mweupe kama chaki, basi ganda la juu limeanza kumomonyoka.

Namna ya kusafisha

Fanya kazi asubuhi na mapema au jioni, kwani sabuni ikikauka kwenye fremu ya moto huacha alama. Kwanza ondoa mchanga kwa brashi laini, maana ukisugua nao utakwaruza fremu na kioo pia. Kisha tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kitambaa laini. Zibua matundu ya maji, suuza na ukaushe. Penye doa sugu tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya madirisha ya PVC, ukiijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Usitumie waya wa kusugulia vyombo, petroli, thina wala asitoni. Waya huacha mikwaruzo inayokamata vumbi zaidi, na asitoni hulainisha PVC yenyewe. Dawa ya klorini ya kufulia isichanganywe kamwe na siki wala amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Manjano ya jua hayatoki kwa sabuni. Dawa ya kung'arishia plastiki inaweza kuondoa ganda la juu kidogo kidogo, na weupe ukarudi kwa kiasi fulani. Njia nyingine ni kupaka rangi maalumu ya PVC, baada ya fremu kuoshwa na kukauka vizuri. Chagua rangi isiyokolea: rangi nyeusi hunyonya joto, na PVC huanza kulainika kwenye kiasi cha nyuzi 80 za Selsiasi, hivyo fremu inaweza kupinda.

Tahadhari ya risasi

Kuna jambo moja zito zaidi. Kwa miaka mingi madini ya risasi yalitumika kuiimarisha PVC, na viwanda vya Umoja wa Ulaya viliacha kuyatumia ifikapo mwisho wa 2015. Kwa hiyo fremu ya zamani inaweza kuwa nayo. Isipoguswa, risasi hubaki ndani ya plastiki. Ikipigwa msasa mkavu huruka kama vumbi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto. Fundi akitaka kupiga msasa fremu kuukuu, mzuie.

Wakati wa kubadilisha

Fremu ya kubadilishwa ni ile iliyopasuka, iliyoachia kwenye pembe au iliyopinda hata haifungi. Umanjano peke yake si sababu. Ushauri huu unafaa pia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, ambako jua na chumvi ya bahari hukutana kama Sur.

Kwa aliye mbali, amwombe mtunza nyumba aoshe dirisha moja, alifungue, kisha atume picha inayoonyesha ukingo wa ndani na wa nje kwa pamoja. Picha hiyo itamsaidia kuamua kabla hajamlipa fundi.